Miezi sita ya mafunzo kwa vitendo kiwandani Ujerumani: shafti 26 nilizoziharibu, na mengine mnayoniuliza

BintiLiemba (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa kimya humu tangu nikiwa kidato cha sita. Leo naandika kwa sababu ndani ya wiki moja vijana watatu wameniuliza jambo lilelile: mafunzo kwa vitendo huku Ujerumani yakoje, unayapataje, wanalipa kiasi gani, na je, Mwafrika mwenye Kijerumani cha kuungaunga anapewa kazi ya maana au anapewa ufagio. Nimeona niyaweke yote mahali pamoja. Ni marefu, nitaleta kwa vipande.

Mimi ni wa Kigoma, nasoma uhandisi mitambo kwenye chuo cha sayansi tumizi jimbo la Baden-Württemberg, kusini. Shahada yetu ni mihula saba. Muhula wa tano huingii darasani, unakwenda kiwandani, na unatakiwa uwe umehudhuria kazini siku zisizopungua 95. Bila hizo shahada hupati, hata kama mitihani yote umefaulu vizuri. Kwa hiyo huku mafunzo ni muhula kamili wenye ripoti, msimamizi na tathmini, tofauti na PT yetu (mafunzo kwa vitendo ya vyuo vya nyumbani) ya wiki nane za likizo ambayo wengine hugongewa mhuri na kurudi nyumbani. Mimi niliingia Septemba 2024, nikatoka mwishoni mwa Februari 2025.

Kiwanda sitakitaja jina. Ni kampuni ya familia, ina wafanyakazi kama mia tatu, inatengeneza pampu, na iko kwenye mji mdogo ambao basi la kwanza linapita saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri.

Nianze na kutafuta nafasi, maana ndipo wengi wanapokata tamaa. Nilituma maombi 63. Zaidi ya 40 hayakujibiwa kabisa. Usaili niliitwa mara tano, nafasi nikapata mbili. Nilipoyapanga maombi yangu mezani na kuyasoma upya, niliona kwamba 50 ya mwanzo yalikuwa barua moja niliyobadilisha jina la kampuni tu. Nilijisifia kuwa mchapakazi na mwepesi wa kujifunza, kama anavyojisifia kila mwombaji. Barua zilizojibiwa ni zile nilizoeleza kwamba nimekulia Kibirizi, ziwani, nikimshikia mjomba spana anapofungua injini za maboti, na kwamba nilishawahi kuona impela ya pampu, lile gurudumu linalosukuma maji, iliyoliwa na mchanga nikataka kujua kwa nini imeliwa upande mmoja tu. Msimamizi aliyenichukua aliniambia kwenye usaili kwamba amesoma sentensi hiyo mara mbili.

Kitu kingine: pigeni simu. Kuandika barua pepe na kusubiri ni rahisi, ila Kijerumani chako kinasikika kwenye simu, na wanachotaka kujua kwanza ni kama mtaelewana karibu na mashine inayozunguka.

Naendelea kesho, leo nina zamu.

MwanafunziMbeya

Dada umenigusa. Mimi niko mwaka wa pili hapa nyumbani, uhandisi mitambo pia, nina ndoto ya shahada ya pili huko. Naomba usiache huu uzi. Lugha ulijifunzia wapi, na ilitosha?

Nyundo Baridi

Nimeweka kambi hapa. Lakini tuambie ukweli kuhusu pesa. Nasikia wanafunzi wa nje wanafanyishwa kazi saa zote kwa malipo ya nauli. Kama ni hivyo, tusiite mafunzo, tuite jina lake.

BintiLiemba

MwanafunziMbeya, nilianzia Goethe-Institut pale Upanga, nikafika B1, daraja la kati, mengine nikayasomea huku. Darasani yalitosha. Kiwandani siku ya kwanza sikuelewa hata sentensi moja. Wale wazee wanaongea Kiswabia, lahaja ya huku, na ni kama mtu aliyejifunza Kiswahili cha vitabuni akashushwa Makunduchi akaambiwa haya, anza kazi. Miezi miwili ya kwanza nilibeba daftari dogo mfukoni mwa ovaroli. Nikisikia neno naliandika kama lilivyosikika, jioni namuuliza kijana mmoja aliyekuwa anajifunza ufundi pale. Neno nililozoea haraka ni Mahlzeit. Maana yake ya kamusi ni mlo, lakini ikikaribia saa sita mchana kila anayekutana na mwenzake kwenye korido analitamka kama salamu. Nilifarijika kupata mahali watu wanaposalimiana bila kujuana.

Salamu ndiyo iliyonisumbua kuliko hata lugha. Fundi mkuu wetu, yule wanayemwita Meister, alikuwa na miaka 61. Siku ya kwanza akanipa mkono, akataja jina lake la kwanza, akaniambia huku karakanani sote tunaitana kwa majina. Ghorofani ofisini ni bwana fulani na bibi fulani. Mimi kumwita mtu wa umri wa baba yangu kwa jina tupu ulimi uligoma. Wiki nzima nilikuwa nasogea hadi anione ndipo niongee, nisilazimike kumwita. Baadaye nilimweleza kuhusu shikamoo. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilimwamkia, naye akaitikia marahaba, kwa lafudhi yake, hadi siku yangu ya mwisho.

Nyundo Baridi, pesa hizi hapa. Nililipwa euro 850 kwa mwezi, saa 35 kwa wiki. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2024 kilikuwa euro 12.41 kwa saa, Januari 2025 kikapanda kuwa 12.82. Ukipiga hesabu, mfanyakazi wa kima cha chini kwa saa hizohizo alipata zaidi ya mara mbili yangu. Sababu ni sheria: mafunzo ambayo ni lazima kwa mujibu wa masomo hayamo kwenye kima cha chini. Yale ya hiari yakizidi miezi mitatu, yamo. Na hilo linawahusu Wajerumani pia, halikuwekwa kwa ajili yetu.

Ila sikubali kwamba uzito ni uleule. Mwenzangu Mjerumani alikuwa analala kwao na kula kwao. Mimi chumba euro 380, bima ya afya zaidi ya mia, tiketi ya usafiri 49 ambayo Januari ikawa 58, ada ya redio na televisheni 18.36 hata kama huna televisheni. Hesabu mwenyewe kinachobaki. Wanaotaka kuja wajue pia kwamba kabla ya viza utatakiwa uonyeshe fedha za kujikimu kwenye akaunti iliyofungwa; kuanzia Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, unatolewa 992 kila mwezi. Sisi nyumbani tuliuza kiwanja. Na wadogo zangu wanajua kiliuzwa kwa ajili ya nini, kwa hiyo kila asubuhi nilipokuwa nasubiri lile basi gizani sikuwa nawaza baridi, nilikuwa nawaza kile kiwanja.

Habari njema ni kwamba mafunzo ya lazima hayahesabiwi kwenye zile siku 140 ambazo mwanafunzi wa nje anaruhusiwa kufanya kazi kwa mwaka. Kwa hiyo nilibaki na siku zangu za vibarua.

KaskaziniNairobi

Mimi niko Ujerumani pia, upande wa kaskazini, umeme. Yote asemayo dada ni kweli. Niongeze tu la nyumba. Ukienda mji mdogo kwa miezi sita, chumba ndicho kibarua cha kwanza. Mimi nilipiga simu nyumba tisa. Mbili zilikuwa wazi hadi nilipotaja jina langu. Sikutukanwa, ila ghafla chumba kikawa kimechukuliwa. Mwajiri ndiye aliyenisaidia mwishowe, aliweka tangazo kwenye ubao wa wafanyakazi, mama mmoja wa stoo akanipa chumba cha mwanawe aliyehamia mjini. Ombeni msaada huo mapema, si aibu.

BintiLiemba

KaskaziniNairobi, yamenikuta hayohayo, neno kwa neno. Asante kwa kulisema.

Sasa kazi yenyewe. Wiki tatu za kwanza nilikaa kwenye karakana ya vijana wanaojifunza ufundi. Huku kijana akimaliza shule anaweza kuchukua mkataba na kampuni, siku kadhaa yuko kiwandani, nyingine shule ya ufundi, na analipwa. Fundi mitambo wa viwandani anajifunza miaka mitatu na nusu. Niliwekwa chini ya kijana wa miaka 18, mimi nina 23 na nimeshafanya mitihani ya hesabu ambayo yeye hatakaa aifanye. Akanipa kipande cha chuma, jiriwa na tupa, akaniambia nikisawazishe hadi mwanga usipite chini ya rula ya kupimia. Siku mbili napiga tupa. Mikono iliota malengelenge. Kipande changu kila nikikiweka kwenye mwanga kilikuwa na mgongo katikati, kwa sababu mkono unaoanza hupembea kama mtu anayekata mkate.

Yule kijana alisimama nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya yangu, akanionyesha uzito unahama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia kadiri tupa inavyokwenda mbele. Nilikuwa na alama nzuri sana kwenye somo la mekanika, ule ni mfano wa kwanza kabisa wa mizani ya nguvu, na sikuwahi kuuona kwenye mikono yangu mwenyewe. Tangu hapo sijawahi tena kusikia mtu akisema "fundi tu" nikanyamaza.

Usalama wanaufuata kama ibada. Siku ya kwanza sikuruhusiwa kuvuka mstari wa njano kabla sijasaini karatasi za mafunzo ya usalama, na nilirudishwa nyumbani kubadilisha viatu. Fundi umeme akifungua mashine anaikata kwenye umeme, anaweka kufuli lake binafsi ili mtu asiiwashe, anapima kuhakikisha kweli hakuna umeme, anaunganisha na ardhi, kisha anafunika sehemu za jirani zilizo hai. Mpangilio ni huohuo kila mara, hata kwa kazi ya dakika tano. Mjomba wangu Kibirizi ana kidole kimoja pungufu. Nilipomwona yule fundi akivaa kamba ya ufunguo wake shingoni, nilimfikiria mjomba.

Kipande kinachofuata ndicho cha zile shafti. Nipeni muda, bado si rahisi kukiandika.

Mzee wa Karakana

Binti, endelea. Mimi nimestaafu, miaka 34 kwenye karakana za viwanda, Tanga na Morogoro. Nakusoma kwa makini. Hilo la tupa ni kweli tupu, na hapa kwetu tulikuwa nalo, tumeliacha lifie mikononi mwetu.

BintiLiemba

Shikamoo mzee. Asante.

Ilikuwa Novemba. Nilishahamishiwa kwenye upimaji. Kazi yangu ilikuwa kupima shafti ya pampu, yaani mhimili unaozunguka ndani yake, pale inapoingia kwenye kipande kingine. Kipenyo milimita 60, kinachoruhusiwa ni kuanzia 60.000 kushuka hadi 59.981. Yaani nafasi yote uliyopewa ni sehemu 19 kati ya elfu moja za milimita, mikroni 19. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo.

Shafti ilikuwa inatoka kwenye mashine ya kusaga chuma hadi kipimo, inaoshwa kwenye mashine ya maji ya moto, kisha inaletwa kwangu. Kundi lilikuwa la shafti 40. Siku hiyo zilikuwa zinahitajika haraka, zikawa zinakuja moja kwa moja kutoka kwenye maji. Nikapima ya kwanza: 60.004. Nene mno. Ya pili: 60.003. Nikamwambia mwendesha mashine bado nene, azirudishe. Alikuwa mgeni kwenye zamu ile, akaniamini. Akapunguza. Zikaoshwa tena, zikarudi, nikapima: 59.990. Katikati kabisa ya kinachoruhusiwa. Nikafurahi. Tukafanya hivyo kwa shafti 26, zamu ikaisha.

Kesho yake mchana chumba cha vipimo kikatuma karatasi. Zote 26 zilikuwa chini ya kiwango, nyingi zikiwa 59.976. Chuma kikishakuwa chembamba hukirudishi. Watu walikusanyika kwenye benchi langu, wakapima tena, wakaangalia maikromita, kifaa nilichopimia, wakamwangalia yule mwendesha mashine. Mimi nikawa nimesimama pale. Kwa kweli wakati ule sikujua kosa liko wapi, ila nilijua liko upande wangu, na sikusema.

Usiku nilikuwa kitandani, ndipo kiganja changu kikakumbuka. Zile shafti zilikuwa na joto. Niliposhika ya kwanza niliisogeza toka mkono huu hadi ule, kama unavyoshika kikombe cha chai. Nikaamka, nikawasha taa, nikachukua karatasi. Chuma kinatanuka kama mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Vipimo vyote vya uhandisi duniani vimekubaliwa kwa nyuzi 20. Niliandika hilo kwenye mtihani. Tuseme shafti ilikuwa nyuzi 40. Tofauti ya nyuzi 20, mara kipenyo kwa mita, 0.06, mara 11.5: kama mikroni 14. Nikatoa 14 kwenye 59.990. Ikabaki 59.976, tarakimu ileile iliyokuwa kwenye karatasi yao.

Na ile 60.004 ya mwanzo ukiipunguza unapata 59.990. Shafti zilikuwa nzima kabisa zilipoletwa kwangu mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyeagiza ziharibiwe.

Sikulala. Niliwaza wakinifukuza muhula umekwenda, muhula ukienda kibali cha ukaazi kinaanza kuulizwa maswali, na kiwanja kimeshauzwa. Niliwaza pia kwamba hakuna anayejua. Yule mwendesha mashine alikuwa mgeni, ni rahisi kila mtu kuamini kwamba ni yeye. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wazo hilo lilikaa na mimi kwa saa nyingi kabla sijaliondoa.

Asubuhi nilikuwa pale kabla ya Meister. Alipofika nikamwamkia, akaitikia, nikampa ile karatasi yenye hesabu zangu. Nikamwambia ni mimi. Akaisoma amesimama, koti bado analo. Akauliza swali moja tu: zilikuwa na joto kiasi gani? Nikamwambia sikupima joto. Akasema basi bado hujui, unakisia. Njoo.

Akachukua moja ya zile 26 iliyolala usiku kwenye chumba cha nyuzi 20. Akaniambia niioshe tena kwa maji yaleyale ya moto, nibandike kipimajoto, kisha nipime kipenyo kila baada ya dakika tano, niandike mpaka ipoe kabisa. Nilikaa nayo asubuhi nzima. Nikachora mstari kwenye karatasi ya mraba, joto likishuka na kipenyo kikishuka nalo. Ilipotoka tu kwenye maji na kuletwa benchi langu ilikuwa nyuzi 41. Baada ya saa moja bado ilikuwa inapungua.

Wiki ile wakaweka rafu karibu na mashine ya kuoshea yenye kibao: hakuna kupima kabla ya muda wa saa mbili kupita. Kibao kile nilikiandika mimi, na mchoro wangu wa kupoa ukabandikwa chini yake. Yule mwendesha mashine nilimwomba radhi mbele ya zamu yake. Alinipa mkono, akasema naye alipaswa kuuliza.

Nyundo Baridi

Dada, nimesoma mara mbili. Hawakukukata kwenye malipo?

BintiLiemba

Hawakunikata hata senti. Meister alisema kosa la kumweka mwanafunzi peke yake kwenye kipimo cha mikroni 19 bila rafu ya kupozea ni lake, na ndivyo alivyoandika kwenye taarifa kwenda juu. Pia hakunisifia kwa kusema kweli. Waswabia wana msemo wao, Net gschimpft isch gnug globt, maana yake kutokukaripiwa kunatosha kuwa sifa. Nilikuwa nimeshauzoea kufikia hapo.

Mzee wa Karakana

Marahaba mwanangu. Niseme jambo moja, na vijana wanisamehe. Nimesimamia wanafunzi wa PT wasiopungua mia. Waliokuja kuniambia "mzee nimeharibu" hawafiki kumi. Na sikuwalaumu wao peke yao, kwa sababu sisi tuliowapokea tulikuwa tunamkaripia anayesema na kumsahau anayeficha. Kulikuwa na pampu ya maji ya bwela iliyotufia mwaka mmoja kwa sababu kijana aliogopa kusema amesahau kubana boliti moja. Alijua toka siku ya kwanza.

Kuhusu joto: hapa kwetu karakana saa nane mchana ni nyuzi 33, 34, hakuna chumba cha nyuzi 20. Tulichokuwa tunafanya, kipimo na kitu kinachopimwa tunaviacha vilale pamoja kwenye bamba moja la chuma. Vyote viwili vikiwa chuma vinatanuka pamoja, tofauti inakuwa ndogo. Usishike maikromita mkononi muda mrefu, na usiiache juani. Mnaorudi nyumbani na elimu ya vyumba vya baridi, hilo mlikumbuke.

BintiLiemba

Mzee, hili halikuwamo kwenye somo lolote nililosoma. Nimeliandika kwenye daftari langu la ovaroli.

MwanafunziMbeya

Maswali mawili ya mwisho dada. Ulipewa cheti gani mwishoni? Na hilo jina lako la humu, ni ile meli?

BintiLiemba

Cheti, hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu nimewaona wenzangu wakirudi na karatasi wanayodhani ni ya sifa kumbe imewachoma. Huku mwajiri hawezi kuandika vibaya waziwazi. Cheti kinatakiwa kiwe cha kweli na wakati huohuo cha kumtakia mtu heri. Kwa hiyo waajiri wamejenga lugha yao. Ukiandikiwa kwamba umefanya kazi stets zu unserer vollsten Zufriedenheit, hiyo ni alama ya juu kabisa. Ikiwa vollen badala ya vollsten, ni ya pili. Ikiondoka stets, yaani "siku zote", imeshuka ya tatu. Ikibaki zu unserer Zufriedenheit peke yake, ni ya nne. Na ukiona wameandika ulijitahidi, stets bemüht, ujue wanasema hukuweza. Mtu anayetoka kwetu anasoma "alijitahidi siku zote" anamtumia mama yake picha. Mpe Mjerumani unayemwamini akusomee kabla hujaondoka. Pakiwa na kosa, unaweza kuomba kirekebishwe.

Changu kilikuwa cha pili, vollen, pamoja na stets. Nakiona ni cha haki. Kina sentensi moja isiyo ya kawaida inayotaja mchoro wa kupoa kwa shafti, na usaili wangu wa nafasi ya kuandika tasnifu ya mwisho ulianzia kwenye sentensi hiyo.

Na jina, ndiyo, ni Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi chumba cha injini, akawa anapaka grisi. Kwa wasiojua, meli ile ilijengwa Papenburg, kaskazini ya Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikaja kwenye makasha kwa bahari hadi Dar es Salaam, kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya kwa ribiti na kushushwa ziwani 1915. Mwaka 1916 Wajerumani walipokuwa wanakimbia waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, wahandisi wake waliipaka injini grisi nzito kila mahali. Ikakaa chini ya maji hadi Waingereza walipoiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini ya mvuke iliyokuwa imezama ikafanya kazi tena kwa miaka mingi, hadi ilipobadilishwa na ya dizeli.

Nilimsimulia Meister habari hii wakati wa mapumziko ya saa tatu asubuhi. Hakuwahi kuisikia. Alinyamaza, akauliza, hao wahandisi walijua kwamba hawatarudi? Nikamwambia kwa jinsi babu alivyosimulia, walikuwa watu watatu waliotumwa na kiwanda cha meli kuja kuiunga, na ndio waliokuwa wameifunga kila boliti. Akarudi kazini bila kusema kitu. Jumatatu alikuja na picha ya meli ile aliyochapisha nyumbani kwake, akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake la zana.

KaskaziniNairobi

Dada, niulizie kitu. Hao wanaotaka shahada ya pili huko kwako, chuo kinadai mafunzo ya awali?

BintiLiemba

Shahada ya pili mara nyingi hapana. Kwa shahada ya kwanza ya mitambo vyuo vingine vinataka wiki kadhaa za karakana kabla au mapema kwenye masomo: tupa, kukereza, kuchomelea. Kama umepita VETA, vyuo vya ufundi vya nyumbani, au ulifanya PT ya kweli, leta logibuku iliyosainiwa na maelezo ya kila wiki ya ulichofanya kwa mikono, itafsiriwe, uombe ikubaliwe. Mwenzangu mmoja alikubaliwa wiki sita kwa njia hiyo. Andika kazi yenyewe, mashine gani, chuma gani, usiandike "nilijifunza mambo mengi".

MwanafunziMbeya, nimekujibu kwenye ujumbe wa ndani. Nitumie barua yako ya maombi kama ilivyo, usiisafishe kwanza. Jumapili nitakuwa na nafasi baada ya ibada, tutaipitia mstari kwa mstari.

MwanafunziMbeya

Nimetuma.